Kiboko, Roboti na Mchezo wa Filamu: Historia Fupi ya Maneno Machache, Kutoka Vugiri hadi Mpanda

Wafasiri na watumishi wa serikali wamezoea kuletewa istilahi za mahakama, za benki na za kilimo. Ni mara chache wanapoulizwa jina la hadithi ya mtu anayesafiri kwenda kwenye nyota, na ni mara chache zaidi wanapoulizwa jina la maandishi ambayo hadithi hiyo huwekwa ndani yake kabla haijapigwa picha. Hata hivyo swali hilo limekwisha kuulizwa, tena mahali ambapo wengi wetu tusingelitazamia. Katika makala haya tunakusudia kueleza lilivyoulizwa, na kufuatilia historia ya maneno yanayohusika, ili msomaji aone kwa nini jibu halikuwa jepesi.

Tulikuwa Mpanda, katika darasa moja la sekondari, pamoja na walimu watatu na wanafunzi wapatao kumi. Juu ya meza palikuwa na karatasi ya masharti ya shindano la kuandika filamu fupi za mambo ya sayansi ya kubuni, shindano lililotangazwa katika nchi za nje na lililokubali maandishi ya lugha yo yote mradi yaambatane na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja alikuwa amepeleka kazi yake, nayo ikarudi bila kusomwa. Sababu yake ilikuwa ya aibu. Karatasi ya masharti iliyofasiriwa kwa Kiswahili ilimtaka alete "muswada wa hadithi ya sayansi". Kijana alitii. Aliandika insha nzuri, yenye mpangilio, juu ya namna ya kusafisha maji ya mto kwa mchanga na makaa. Hakuandika mandhari wala mazungumzo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba alitakiwa kuyaandika. Kosa lilikuwa la mfasiri, na mfasiri alikuwa mmoja wetu.

Kwa hiyo tuanze na hilo neno muswada. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni andiko la kwanza, ambalo bado litasahihishwa. Wachapishaji wa vitabu hulitumia hivyo hata leo. Lakini katika Tanzania neno hili limechukuliwa na Bunge kiasi kwamba mtumishi wa serikali alisikiapo hufikiri mara moja juu ya sheria inayopelekwa Dodoma. Mwalimu mmoja wa Mpanda alitwambia kwamba alipomwambia afisa wa wilaya, "Wanafunzi wangu wanaandika miswada," aliulizwa ni nani aliyewaruhusu. Huenda ulikuwa mzaha, lakini mzaha huo una funzo ndani yake.

Wengine wamependekeza mwongozo wa filamu. Neno hili nalo lina wenyewe. Wazee hawajasahau Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, na vijana wanaotengeneza filamu wamekwisha kumpa msimamizi wa upigaji picha jina la mwongozaji. Basi mwongozo ukiwa wa mtu, ni wa huyo, si wa mwandishi. Andiko nalo limeangukia mikononi mwa wanaoomba fedha za miradi. Likabaki skripti, ambalo husikika kila siku miongoni mwa waigizaji wa Dar es Salaam, na ambalo hatulipingi katika mazungumzo. Katika karatasi ya masharti, lakini, halimwambii mwanafunzi wa Katavi jambo lo lote asilolijua.

Ili kupata neno linalomwambia jambo, yafaa turudi nyuma na kutazama jinsi watu wetu walivyoipokea sinema yenyewe.

Kati ya miaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na kituo cha majaribio ya kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Kilisimamiwa na Meja Notcutt na Bwana Latham, chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha zilizotolewa na shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa hapo, nyingi zikihusu kilimo, afya na uwekaji wa akiba. Sauti haikuandikwa katika mkanda wa picha. Iliwekwa katika sahani za santuri, hata filamu ile ile ikaweza kuonyeshwa kwa Kiswahili mahali pamoja na kwa lugha nyingine mahali pengine. Jambo hili ni dogo kwa fundi, lakini kwa mfasiri ni kubwa: tangu mwanzo wake katika nchi hii, maneno ya filamu yalikuwa kitu kinachoweza kutengwa na picha, kikaandikwa peke yake na kufasiriwa peke yake.

Mnamo miaka ya 1950 zikafuata filamu za Kiswahili zilizochezwa na Watanganyika wenyewe, kama Muhogo Mchungu, ambamo kijana Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa mtumishi katika kazi ya sinema za serikali, alicheza nafasi kubwa. Huyu ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Baada ya Uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968. Kisha mwaka 1976 ikatungwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, na tunaomba msomaji aliangalie vizuri jina la sheria hiyo, maana tutalirudia.

Mpanda ya wakati ule ilikuwa mbali na hayo yote. Mji huu ulikuzwa na machimbo ya risasi, kwa maana ya madini, si ya bunduki (hapa pia mfasiri asiye mwangalifu hujikuta ameanzisha vita), na reli ya kutoka Kaliua ililetwa kwa ajili ya machimbo hayo, ikafika mwaka 1950. Machimbo yalifungwa kabla ya Uhuru, reli ikabaki. Watu wa huko, kama wengi wa bara, hawakuwa na televisheni hata mwaka 1994, Tanzania Bara ilipoanza kuwa na vituo vyake, ingawa Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa miaka zaidi ya 20. Walichokuwa nacho ni redio. Na redio iliwapa mchezo wa redio. Neno hilo halikuhitaji kamati. Kila mtu alijua kwamba mchezo wa redio una watu wanaosema, una mlango unaofungwa, una mvua inayonyesha, na kwamba kuna mtu aliyekaa akaviandika vyote hivyo.

Kwa sababu hiyo sisi tunapendelea mchezo wa filamu kwa maandishi haya tunayoyazungumzia. Lina ndugu zake katika lugha, nao ni mchezo wa redio na mchezo wa jukwaani; lina ukoo katika sheria ya mwaka 1976; na mwanafunzi akiambiwa aandike mchezo hataleta insha. Wako watakaosema kwamba mchezo ni neno la watoto na la mpira. Tunajibu kwamba walimu wa fasihi wamelitumia kwa tamthilia muda mrefu bila mpira kuingia darasani.

Neno la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo ni la aina yenyewe ya hadithi. Katika Kiingereza jina lililoenea lilikuja kwa njia ya magazeti. Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alianzisha mwaka 1926 gazeti la Amazing Stories, akabuni kwanza jina moja refu lisilotamkika vizuri, kisha mwaka 1929 akalieneza hili linalotumika sasa. Inafaa kukumbuka kwamba mashindano yalikuwako tangu siku hizo za awali. Gazeti lilichapa picha katika jalada, likawaomba wasomaji watunge hadithi itakayoifaa, na miongoni mwa waliopata zawadi alikuwamo Clare Winger Harris, mwanamke aliyeshika nafasi ya tatu, ambaye hadithi yake ilichapwa mwaka 1927.

Kwa Kiswahili, neno hadithi za sayansi tumekwisha kuona lilivyotuponza. Wengine husema hekaya za kisayansi, na neno hili lina utamu, lakini hekaya humpeleka msikilizaji kwenye mambo ya kale, ilhali hadithi hizi aghalabu hutazama mbele. Ndipo tukafika kwenye kitenzi kubuni, na hapo tukasimama kidogo kwa furaha. Kiswahili humwita mbunifu mtu aliyetengeneza pampu mpya, na humwita mbunifu vilevile mtu aliyetunga riwaya. Mhandisi na mtunzi wamefungwa katika mzizi mmoja. Hakuna lugha nyingine tunayoijua vizuri ambayo imeziweka kazi hizi mbili karibu hivyo, na ni nini hadithi ya aina hii kama si kazi ya mtunzi aliyeazima karakana ya mhandisi?

Lakini furaha hiyo ina gharama. Tangu mwaka 2019 nchi yetu ina Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambayo vijana hupeleka vyombo walivyovitengeneza kwa mikono yao. Ukimtangazia mwanafunzi "shindano la ubunifu wa kisayansi" ataleta pampu. Kwa hiyo inatulazimu tutumie bunilizi, neno ambalo wanafasihi hulitumia kwa kazi za kubuni za kifasihi tu, tuseme bunilizi ya kisayansi. Halikuzoeleka sokoni. Walimu wetu wa Mpanda walilitamka mara tatu kabla halijakaa kinywani. Lakini halina mwenyewe mwingine, na hiyo ni sifa ambayo maneno matatu ya kwanza tuliyoyataja hayakuwa nayo.

Isidhaniwe kwamba kwa kuwa jina ni jipya, jambo lenyewe pia ni geni. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, inasimulia nchi inayoelea angani, ambayo wajumbe wake wanatumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta maarifa ya kuiponya, na kila arudiye hutiwa kifungoni kwa ajili ya habari alizoleta. Tusiseme kwamba ni bunilizi ya kisayansi. Hakuna mtambo ndani yake. Lakini mwenye kuisoma hatashangazwa na sayari za watu wengine. Katama Mkangi wa Kenya alipotoa Walenisi mwaka 1995, shujaa wake Dzombo alisafirishwa kwa chombo hasa, akatua katika jamii ambayo jina lake, ukilisoma polepole, hukwambia kwamba wale ni sisi. Naye Euphrase Kezilahabi katika Mzingile alitupeleka katika dunia iliyoharibiwa na silaha kubwa. Filamu ilichelewa. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu, Mkenya, aliandika na kuongoza filamu ya dakika zipatazo 20 iitwayo Pumzi. Ndani yake watu wa Afrika Mashariki wanaishi katika jengo lililofungwa baada ya vita vya maji, wakihesabu kila tone, hata jasho lao, na msichana Asha anatoka nje kwenda kupanda mche katika udongo ulioaminiwa kuwa umekufa. Ilionyeshwa katika tamasha la Sundance mwanzoni mwa mwaka 2010. Mazungumzo yake mengi ni ya Kiingereza. Jina lake ni la Kiswahili.

Tulipowasimulia wanafunzi wa Mpanda kisa hicho hawakustaajabu sana. Katika kiangazi Mto Katuma hupungua hata viboko wa hifadhi ya Katavi wakajazana katika tope, mamia kwa mamia, wakigombea mahali pa kulaza ubavu. Kwao, filamu ya kiu haikuwa na jambo la kubuni isipokuwa kuta za jengo.

Kuhusu mashindano yenyewe tutasema machache. Uandishi wetu wa kisasa unayadai mengi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliingia uwanjani kwa kushinda shindano la hadithi la Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na bila shindano hilo pengine tusingemjua Bwana Msa. Filamu zina tamasha lao la Zanzibar tangu miaka ya 1990 ilipokuwa ikiisha, ambalo tuzo yake kuu ni jahazi. Na neno tuzo limetoka kwenye kutuza, yaani kumpa mchezaji ngoma fedha pale pale achezapo. Ni neno linalostahili kuliko zawadi, ambayo hutolewa hata kwa asiyefanya kitu.

Hapana budi sasa tuingie ndani ya mchezo wa filamu wenyewe, kwa sababu huko ndiko mfasiri anakotokwa na jasho. Kila onyesho huanza kwa mstari unaotaja kama tuko ndani au nje, ni mahali gani, na ni wakati gani. NDANI. DARASA. USIKU. Mpaka hapo hakuna taabu. Kwa kweli sisi tuna utajiri, maana tunaweza kusema alfajiri, macheo, adhuhuri, alasiri, machweo na usiku wa manane, na kila neno likampa mpiga picha mwanga wake. Taabu huanza saa inapotajwa. Saa moja ya usiku kwetu ni jua limezama sasa hivi. Tumeona tafsiri iliyoigeuza kuwa saa saba, na wachumba waliotakiwa kukutana watu wakirudi kutoka shambani wakakutana mji ukiwa umelala. Katika bunilizi ya kisayansi swali hili huwa zito zaidi. Saa ya Kiswahili huanzia macheo. Chombo kinachosafiri kati ya sayari hakina macheo yake. Je, nahodha wake atahesabu saa kwa macheo ya wapi? Mwanafunzi mmoja alijibu bila kusita, "Ya Mpanda," na hatukuwa na la kuongeza.

Tena kuna nyakati za vitenzi. Maelezo ya kitendo huandikwa kana kwamba kinatokea mbele ya macho. Tamthilia zetu za zamani zilipenda "aingia", "akaa", "atazama dirishani". Za karibuni hupenda "anaingia", "anakaa". Umbo la kwanza ni fupi na lina heshima ya maandishi, nasi tunalipenda. Lakini vijana waliposoma kwa sauti, "aingia" lilisikika kama kitu kilichokwisha kuandikwa katika kitabu, na "anaingia" kama mtu aliye mlangoni. Tukakubali kushindwa.

Jambo kubwa kuliko yote tumeliacha mpaka hapa. Mwaka 1920 Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alichapisha tamthilia juu ya kiwanda cha watu wa kuundwa, na kwa shauri la kaka yake Josef akawaita maroboti, kutokana na neno la kwao lenye maana ya kazi ya shuruti ambayo wakulima wasio huru waliwafanyia mabwana. Hawakuwa wa chuma; walikuwa wa nyama iliyotengenezwa. Sisi tumelipokea neno kama lilivyo, ingawa tulikuwa na letu ambalo lingefaa sana, manamba, yaani watu waliopelekwa mashamba ya mkonge wakahesabiwa kwa namba. Nyakati zimepita, roboti limekwisha kukaa, na hatupendekezi lindolewe.

Lakini je, roboti huchukua upatanisho gani? Sarufi yetu inasema kwamba kiumbe mwenye uhai huchukua a- na wa-, hata umbo la jina lake likiwa la ngeli nyingine. Watu wa Katavi hawana haja ya kufundishwa hilo. Kiboko amelala: huyo ni mnyama, yumo mtoni, usimkaribie. Kiboko kimelala: hicho ni cha kuchapia, kiko juu ya kabati ya mwalimu. Jina ni lile lile, na la pili limetokana na ngozi ya wa kwanza. Kinachotofautisha uhai na ukosefu wa uhai ni silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. Kwa mashine tunasema imeharibika. Kwa jini, ambaye hakuna amwonaye, tunasema amepanda. Basi roboti iliyoamka yenyewe usiku ikatazama nyota, imeamka au ameamka?

Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kulieleza jambo hili kwa sentensi nzima, na bado watu hubishana. Mwandishi wa Kiswahili hulazimika kulichagua kila anapoandika kitenzi, na msikilizaji analisikia papo hapo. Tulipolisema hili darasani, msichana mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi aliomba karatasi yake irudishwe, ili abadili mahali pamoja tu.

Mchezo wake una kurasa 8, na kwa desturi ya kazi hii ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa dakika moja. Katika mashimo ya zamani ya risasi imewekwa mashine ya kulinda maji ya mwisho ya Katuma na kuyagawa kwa kipimo. Katika kurasa 7 za kwanza watu wote, na maelezo yote, huitaja kwa i-: imefungua, imefunga, imekataa. Wanakijiji wamechoka na kipimo. Wanakuja na nyundo. Bibi mmoja, ambaye watu husema kwamba huacha unga chini ya mkwaju wa mzimu wa Katavi ingawa ziwa limekauka, anasimama mlangoni. Katika andiko la kwanza alisema, "Iacheni, imechoka." Sasa anasema, "Mwacheni, amechoka." Nyundo zinateremka. Hakuna mtu aliyeeleza kitu.

Mchezo huo utapelekwa kwa Kiswahili chake, pamoja na tafsiri, kama masharti yanavyotaka. Tafsiri imekamilika kurasa zote isipokuwa mstari ule mmoja. Tumeufasiri mara sita. Tumekwisha kumwandikia msichana kwamba tutahitaji wiki moja zaidi.